Damu Aliyomkabidhi

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa ndipo Baba Wangila alipokohoa kile kikohozi chake cha kutaka watu wanyamaze.

Nangila alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake Oyat, birika mkono mmoja, beseni mkono wa pili, akimnawisha mgeni aliyemheshimu kuliko wote waliokuwa katika sebule ile ya Kasubi. Nyuma yake walikaa watu wa kwao, Wabukusu waliotoka Bungoma miaka mingi iliyopita na kujishikiza Kampala kwa biashara ya vipuri vya pikipiki. Mbele yake walikaa wageni, Waacholi wa nyumba ya kiaskari, waliokuja kumposa. Na katikati yao, ndani ya suti ya kijivu iliyombana mabegani, alikaa Oyat mwenyewe, afande wa zimamoto, akijitahidi asimtazame. Alishindwa. Mwanamume wa miaka thelathini na minane, anayeingia nyumba zinazowaka moto bila kusita, leo alikuwa akitokwa jasho kwa ajili ya msichana mwenye beseni. Macho yao yalipokutana alimkonyeza kidogo sana, na Nangila akamwaga maji nje ya beseni.

"Wageni wetu," Baba Wangila alianza. Yeye ndiye ndugu mdogo wa marehemu baba yake Nangila, na ndiye aliyemlea. "Mahari tumesikilizana, na hakuna aliyepandisha sauti. Mungu asifiwe. Lakini kwetu kuna swali huulizwa kabla ya watu kula chungu kimoja. Tukishakula tumekuwa ndugu, na ndugu hamkatai ndugu. Kwa hiyo nauliza sasa. Kwenu kuna ugonjwa unaotembea katika damu?"

Mzee Santo, baba mkubwa wa Oyat na askari mstaafu, aliinua kidevu.

"Ugonjwa? Hapana. Sisi watu ya nguvu. Mimi iko na presha kidogo, lakini hiyo naleta mwenyewe na pombe."

Watu walicheka. Baba Wangila hakucheka.

"Na kijana mwenyewe? Hajawaambia?"

"Kuwaambia nini, mzee?" Oyat aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu.

Hapo Nangila aliweka birika chini. Aligeuka kumtafuta Shangazi Rosalba, na Shangazi Rosalba alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Binti yetu anasomea mambo ya damu," Baba Wangila alisema polepole, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. "Alipima yako kule maabara. Akakuta kitu kibovu ndani, kitu cha kansa ya damu. Tumejua wiki hii. Tulidhani na ninyi mnajua, mmeamua tu kunyamaza."

Mikono ya mama yake Oyat, Mama Abalo, ilikuwa bado imenyooshwa juu ya beseni, imelowa, haijafutwa. Nangila aliitazama mikono ile kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kutazama kitu kingine.

"Nangila," Oyat aliita. Si *Daktari*, jina alilozoea kumtania nalo. "Ni kweli?"

Jamani, kuna nyakati neno moja tu linaweza kumwokoa mtu, na neno lenyewe lipo mdomoni. Nangila alikuwa nalo. Alijua kwamba Oyat hakuwa na kansa. Alijua tofauti ya alichokiona na alichokisema baba yake mdogo, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu asubuhi hadi jioni kule maabara, juu ya Wandegeya. Lakini ili alitamke neno hilo, ilimpasa kwanza akiri mbele ya wote kwamba aliijua siri ya mwanamume huyu kabla ya mwenyewe, na kwamba ni yeye aliyeitoa nje.

Alitikisa kichwa kukubali. Basi.

"Na watoto?" Baba Wangila aliendelea. "Mimi si msomi. Nauliza tu. Wajukuu wangu watazaliwa na hiyo damu?"

Mzee Santo alimgeukia Nangila. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Binti. Wewe ndio alisoma. Sema, sisi nasikia."

Macho yote yalikuwa juu yake. Shangazi Rosalba alimfinya goti, na Nangila hakujua kama anafinywa aseme au anyamaze. Alitazama maji ya beseni.

Mama Abalo ndiye aliyeondoa mikono yake kwanza. Hakungoja taulo. Aliikung'uta kidogo, akaifunga ndani ya kanga, akasimama.

"Twende nyumbani," alimwambia mwanawe kwa Kiswahili, ili wenyeji nao wasikie.

"Mama, chakula kipo tayari," Shangazi Rosalba aliwahi kusema.

"Asante. Tumeshiba."

Mzee Santo alichukua kofia yake. Mlangoni aligeuka. "Sisi hapana kuja hapa kuuza mbuzi mgonjwa," alisema. "Kama nyinyi iko na hii maneno tangu zamani, mngetuma mtu kwa siri. Hii mmefanya ni kutuvua nguo."

Oyat alitoka wa mwisho. Alipita karibu sana na Nangila hata harufu ya sabuni yake ikamfikia. Hakumtazama.

Kuku na chapati viliachwa mezani, na majirani waliokuja kupiga vigelegele waliaga mmoja mmoja wakijifanya wamekumbuka shughuli zao.

"Nilikwambia wewe peke yako," Nangila alimwambia shangazi yake jikoni. Hakuweza hata kulia. "Uliniuliza kama kuna jambo linanikaa moyoni, nikakwambia. Nilikwambia kama shangazi!"

"Ya chumbani ningeyameza, mwanangu. Ya damu si ya shangazi, ni ya ukoo. Ungetaka nikae kimya nikuone mjane?"

"Hukunielewa! Sikusema ana kansa!"

"Basi mbona hukusema hivyo pale?" Shangazi Rosalba aliuliza, na kwa kweli alikuwa anauliza tu. "Mdomo ulikuwa wako. Hakuna aliyekufunga."

Swali hilo ndilo lililomkaa Nangila kifuani hadi kulipokucha.

*

Jumapili hakwenda kanisani. Alipanda boda hadi Port Bell, akashuka pale reli inapokaribia ziwa na mabehewa yanaposubiri kuingizwa kwenye meli, akatembea hadi kituo kidogo cha zimamoto alikopangiwa Oyat. Wanawake waliokuja kuwatazama ndugu zao katika gereza la jirani walikuwa wameketi kando ya barabara na vikapu vyao. Nangila aliwapita kichwa chini. Alihisi kama wote wamesikia.

Oyat alikuwa kwenye zamu. Alikuwa amekunjua mipira ya maji juu ya majani makavu na kuikagua, akiipapasa kipande baada ya kipande kutafuta palipochanika. Alimwona mapema. Hakuacha kazi.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Mimi niko kazini. Sema haraka."

Alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini maneno yote aliyoyapanga yalimtoroka. Akasema lile la kijinga kuliko yote.

"Umekula?"

Oyat alicheka bila furaha. "Wewe unauliza kama nimekula." Aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Kale, sawa. Basi na mimi niulize. Ulijua lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Pasaka tulicheza muziki pale baa kwa Nashon mpaka viatu vyako vikakatika. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokupeleka kwa mama yangu mara ya kwanza, akakupikia mboga ya malakwang, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Oyat."

"Unaniita Oyat, kama vile hakuna kilichotokea." Alitikisa kichwa. "Nangila, mimi nilikupatia mkono yangu. Unakumbuka? Ulikuja hapa na sindano zako na hicho kiboksi cha barafu, ukasema umekosa watu wazima wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa wako. Wenzangu wote wakakimbia. Watu wa moto wanaogopa sindano! Mimi nikakunja shati. Nikasema, chukua hata ndoo. Nilisema hivyo ama sikusema?"

"Ulisema."

"Nilikuwa hata sijui jina lako ya pili. Nikakupa damu. Na wewe umeipeleka wapi? Kwa shangazi."

Machozi yalimjia, akayazuia, maana aliona hana haki nayo. Kulia mbele ya mtu uliyemkosea ni kumwomba akubembeleze, na Nangila hakutaka kubembelezwa.

"Kulikuwa na utaratibu," alisema. "Nilipoona, nilitakiwa nimwambie profesa wangu, akuite, upimwe tena na daktari, uambiwe vizuri na mtu anayejua kusema. Chupa hazina majina, lakini yako niliijua, kwa sababu niliitoa mwenyewe. Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba nitakwambia tukishafunga ndoa."

"Kwa nini tukishafunga?"

"Kwa sababu niliogopa utaniacha. Kwamba utasema, sitaki kumfanya huyu msichana mjane, ukaondoka kwa wema wako. Wewe ungefanya hivyo, nakujua."

Hilo lilimgusa. Nangila aliona uso wa Oyat ukilegea kidogo, kisha ukakaza tena.

"Na mimi nitakufa?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, akitazama mpira wa maji, na Nangila alielewa kwamba hili ndilo swali alilokuwa akiuuliza ukuta tangu jana.

"Hapana! Oyat, sikiliza, huna kansa. Huna. Naomba unisikilize hili hata kama hutanisikiliza tena maishani."

"Nasikia."

Alikaa chini kwenye majani, na baada ya kusita Oyat naye alikaa, mbali kidogo naye.

"Kila seli ya mwili wako ina jeni zote," alianza. "Ya jicho, ya ini, ya damu, zote zina zilezile. Kinachozitofautisha ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Mwili unaweka vialama juu ya jeni zisizotakiwa, zinanyamaza. Sasa seli changa ya damu, ikiwa kule ndani ya mifupa, kwenye uboho, ina jeni zinazoiambia, zaliana, zaliana. Ikifika wakati wa kukua, jeni hizo zinawekewa alama, zinafungwa, nayo inakomaa na kufanya kazi yake."

"Kale."

"Anayeweka alama hizo naye anatengenezwa na jeni yake. Wewe, katika sehemu ndogo ya damu yako, jeni hiyo imeharibika. Kwa hiyo kuna seli ambazo hazifungwi sawasawa. Zinazaliana kuliko nyingine. Kwa wagonjwa wangu wengi wa kansa ya damu nimeikuta hitilafu hiyohiyo, ndiyo maana nilipoiona kwako nilikaa chini sakafuni. Lakini wao wana hiyo pamoja na nyingine nyingi juu yake. Peke yake haitoshi. Watu wengi wanaotembea nayo wanazeeka, wanakufa kwa mambo mengine, bila kujua hata siku moja."

"Wengi. Si wote."

"Si wote," alikubali. Hakutaka kumdanganya tena. "Hatari yako ni kubwa kidogo kuliko ya mwenzako. Unatakiwa upimwe damu mara kwa mara, uache kabisa sigara, ujikinge na moshi wa kazini. Na hata hicho nilichokiona lazima kirudiwe na hospitali. Mimi nilikuwa nafanya utafiti, sikuwa natibu mtu."

Oyat alikuwa amechuma jani na kulichanachana. "Na watoto? Mzee Wangila aliuliza."

"Haiendi kwa watoto. Haikutoka kwa wazazi wako, wala haipiti kwako. Ilianza kwenye seli moja tu ya uboho, wewe ukiwa mtu mzima tayari. Labda ni moshi, labda ni umri tu, hakuna ajuaye."

Meli ya mabehewa ilipiga honi huko gatini, na wenzake wawili wa Oyat waliopita waliona sura zao wakageuza njia.

"Haya yote," Oyat alisema, "ulikuwa unajua jana?"

"Ndiyo."

"Mzee Santo alikuuliza. Alikuomba! Yule mzee hajawahi kuomba mtu. 'Binti, sema, sisi nasikia.' Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu gani?"

"Wangejua ni mimi niliyetoa siri yako."

"Nangila." Alimgeukia sasa kikamilifu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo uliona afadhali mimi nionekane mgonjwa, kuliko wewe uonekane mmbeya."

Hakupandisha sauti. Kama angepiga kelele, Nangila angepata pa kujificha ndani ya kelele hizo. Lakini alilisema kwa upole, kama mtu anayejaribu kuelewa, na Nangila alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, akatamani majani yale yamfunike.

"Ndiyo," alisema ndani ya viganja. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi nakupenda," Oyat alisema. "Hiyo ndiyo shida. Nimekaa usiku wote nakuchukia, asubuhi nikasikia boda inapita nikasimama dirishani nione kama ni wewe. Mtu mjinga! Lakini leo sikutaka uje kuniomba msamaha mimi. Simama. Mama yangu hajala tangu jana."

*

Nyumba ya Oyat ilikuwa ya mwisho katika mstari wa nyumba za maafande nyuma ya kituo, chumba na sebule, na Mama Abalo alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni na ungo wa karanga ambazo hakuwa anazimenya. Alivaa lile gauni la gomesi la jana. Nangila alipiga magoti nje ya mkeka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakumwambia aingie, wala hakumwambia aondoke.

Oyat alisema maneno machache kwa Kiacholi, kisha akaegemea mlango.

"Mama," Nangila alianza, "nimekuja kusema niliyopaswa kusema jana."

"Wacha kwanza," Mama Abalo alisema. "Mimi iko na maneno. Nimefikiri tangu jana. Hii mtoto, baba yake alikuwa askari mwenye afya, alikufa kwa risasi, si kwa ugonjwa. Kwa ukoo yake hakuna. Basi nikasema, ni mimi." Alijigonga kifuani. "Mama yangu alikufa akitoka damu puani. Dada yangu mdogo, Adyero, alivimba hapa kwa shingo, akaisha, akafa. Na binti yangu Anena, alikuwa mtoto wa maziwa, homa moja tu. Zamani nilisema ni vita, hakuna dawa. Sasa naona ni damu yangu. Mimi ndio nimewapa wote. Na huyu pia nimempa."

Nangila alimtazama Oyat. Oyat alitazama pembeni.

Hakuwa amelifikiria hili kabisa. Katika aibu yake yote, aliyoilea tangu jana kama kidonda, alikuwa amejiona yeye na Oyat tu. Hakumkumbuka mwanamke huyu aliyekwenda nyumbani na mikono iliyolowa, akakaa kuwafukua maiti wake mmoja mmoja na kujitwika.

"Mama, si wewe."

"Unasema hivyo kunituliza."

"Sisemi kukutuliza. Nakuapia Mungu, si wewe. Hii kitu Oyat hakuzaliwa nayo. Haikuwa tumboni mwako. Imemwanza akiwa mkubwa, ndani ya mifupa yake mwenyewe, kidogo tu. Hata ukinipa mkono nikupime sasa hivi, haitakuwa na maana, kwa sababu haitoki kwa mama kwenda kwa mtoto."

"Na Anena?"

"Anena sikumpima, Mama. Siwezi kujua aliondoka na nini. Lakini kilicho kwa Oyat hakikutoka kwako, na kisichotoka kwako hukumpa mtu."

"Sema tena."

"Si wewe."

Mama Abalo alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alipofumbua macho, yalikuwa makavu na yalimtazama Nangila moja kwa moja.

"Na jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa hapa." Alinyoosha mikono yake mbele, juu ya beseni lisilokuwepo. "Wewe unanimwagia maji. Mimi nakutazama nywele, nasema moyoni, Mungu amenipa binti. Na wewe ulikuwa unajua, ukaniacha nitoke hivyo."

Hakukuwa na pa kupita. Nangila aliinamisha kichwa hadi kipaji chake kikakaribia mkeka. "Nisamehe, Mama. Sina neno lingine."

"Inuka. Magoti yako hayatanisaidia."

Aliinuka. Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga. Aliiweka simu juu ya ungo wa karanga, sauti ikiwa wazi, ili wote wasikie.

"Nangila? Uko wapi?" ilikuwa sauti ya Baba Wangila, na nyuma yake kelele za watu waliotoka kanisani.

"Niko Port Bell, Baba. Kwa Mama Abalo. Wananisikia na wewe unanisikia."

"Toka hapo uje nyumbani tuongee."

"Hapana, Baba. Jana mlisema mbele ya watu, na mimi nasema mbele ya watu. Oyat hana kansa. Kilicho kwenye damu yake hakikutoka kwa ukoo wake na hakitaenda kwa watoto. Nilikuwa najua jana, nikanyamaza kwa sababu niliogopa kuonekana. Mimi ndiye niliyetoa siri yake kwa Shangazi bila ruhusa yake. Mwenye doa katika mambo haya ni mimi, si wao. Naomba umpigie Mzee Santo umwambie hivyo, na kama hutampigia, nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Walisikia mtu akimwamkia Baba Wangila, naye hakuitikia.

"Umetuaibisha," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Baba. Jana. Leo nasafisha."

Simu ilikatika. Mama Abalo alikuwa amechukua karanga moja. Aliimenya, akaitazama, akaila. Kisha akaimenya nyingine. Hakumpa Nangila, lakini alisogeza miguu yake, na nafasi ndogo ikapatikana kwenye mkeka. Nangila hakuthubutu kuikalia. Alisema kwaheri akatoka.

Oyat alimsindikiza hadi barabarani. Walitembea bila kushikana mikono, na kila mmoja alikuwa akisikia mkono wa mwenzake ulivyo karibu.

"Hiyo ya simu," Oyat alisema. "Sikukuomba."

"Najua."

"Ilikuwa ngumu?"

"Kidogo kuliko jana."

Boda ilisimama. Nangila alipanda, akashika mkoba wake kwa nguvu. Hakuuliza kuhusu posa. Hakuuliza kuhusu pete. Hakuuliza lolote, na kwa mwanamke aliyezoea kujua kabla ya wengine, kutouliza kulikuwa kazi kubwa.

"Kesho nimeomba ruhusa," Oyat alisema, akimtazama dereva badala ya Nangila. "Naenda hospitali. Huyo profesa wako nitampigia mwenyewe, anielekeze kwa daktari."

"Nitakutumia namba."

"Unaweza kuja."

Nangila aligeuka kumtazama, na tabasamu lilikuwa linaanza kumtoka bila ruhusa.

"Lakini utakaa nje," Oyat alisema. "Mimi nitaingia, daktari ataniambia, nitasikia mimi wa kwanza. Nikitoka nitakuambia. Ama sitakuambia. Nitaona."

Tabasamu lilizima. Kisha, taratibu, Nangila akaitikia kwa kichwa, maana alijua ni haki, na alijua pia kwamba mtu aliyemchoka kabisa asingempa hata lile benchi la nje.

"Nitakaa nje," alisema.

"Hata ikichelewa?"

"Hata ikichelewa, Oyat. Nitakaa nje."